Bei ya Kuingia na Bei ya Kutoka

Tunduma, Jumanne usiku

Na bado Baba Neema amenuna! Eti mimi mke wake nimemwaibisha mbele ya watu wenye suti.

Nimemwaibisha kwa lipi? Nabadilisha kwacha za Zambia kwa shilingi hapa mpakani tangu Neema hajazaliwa. Mtu akinitajia bei ya kununua, namuuliza na ya kuuza. Anayeficha moja ana lake jambo. Kwa nini nisiwaulize hivyohivyo washauri wa fedha, wakati tunataka kuwakabidhi akiba yetu yote?

Ofisi ya kwanza, kijana wa suti alitupa soda, akatuahidi faida kila mwezi. Nikamuuliza, "Nikitaka kutoka kesho, napata ngapi?" Akacheka. "Mama, hata hujaingia, unawaza kutoka?" Nikabeba mkoba wangu. Soda nilimaliza kwanza.

Ofisi ya pili haina hata pazia. Dada aliyetupokea nilimuuliza swali lilelile. Akajibu palepale: "Ukitoka mapema utapata pungufu, na ada yangu sirudishi." Akatutajia ada yenyewe, akatuonyesha leseni, akasema tukaihakiki kwanza ndipo turudi. Hata Baba Neema alitikisa kichwa kukubali, nilimwona.

Bado naogopa. Lakini leo nimerudi nikicheka njia nzima.

Maana dada yule alitusindikiza hadi mlangoni, akaniuliza kwacha leo ni bei gani. Nikamtajia zote mbili, ya kununua na ya kuuza, kabla hajaniuliza ya pili.