Mabawa Mapya ya Kandege ka Faustin

Hombo, Jumapili baada ya misa

Papa mupenzi,

Kwanza nataka kujua hali ya mgongo wako. Habari ya mwisho niliyopata kutoka Masisi ni kwamba huwezi tena kuinama kwenye benchi la randa, na kwamba Mama anakukataza kubeba mbao lakini wewe unazibeba akishaenda shamba. Kama ni kweli, tafadhali umwache dada Furaha awaite vijana wa jirani. Na Mama mwenyewe, kikohozi kimemwacha? Maharagi yametoka vizuri safari hii, ao mvua imeyaozesha tena?

Mimi niko muzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Barua hii nampa dereva wa lori anayepeleka mafuta ya mawese Bukavu. Kutoka kule itapita ziwani hadi Goma, halafu muntu wa pikipiki ataipandisha kwenu. Inasikitisha kuona karatasi inazunguka namna hiyo, wakati ningepita Walikale na Kalembe ningefika nyumbani kwa njia fupi. Lakini njia ile bado imefungwa kwa vita, unajua mwenyewe.

Kazi haikosekani. Natengeneza vitanda, milango, na sasa mabenchi ya kanisa. Mbao za huku zingekufurahisha. Libuyu ni nyekundu, nzito, inanukia unapoipiga randa. Kuna na mti mwingine unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa, majani yake makubwa kama mwavuli. Ubao wake ni mwepesi mpaka unafikiri umebeba hewa. Nilikuwa nikiudharau. Sasa siudharau tena, na hiyo njo habari ninayotaka kukuandikia leo.

Unakumbuka nilikuambia kwamba nimepanga chumba kwa Kaka Faustin, muntu wa hapa hapa Hombo. Alikuwa fundi wa avioni ndogo, zile zinazotua barabarani kule ndani kupakia mizigo. Siku moja walikuwa wameinua avioni ili wabadilishe gurudumu, jeki ikateleza, mkono wake wa kuume ukabaki chini. Hospitalini wamemwachia kidole gumba na kingine kimoja. Nilipofika kwake alikuwa haongei. Alikaa nyuma ya nyumba mchana kutwa, mkono umefunikwa kwa kitambaa, na wageni wakija anaingia ndani. Mke wake, Mama Aline, anauza mawese sokoni, anarudi, anapika, anaongea peke yake kwa ajili ya wote wawili.

Asubuhi moja Mama Aline alitoka na katoni akaiweka juu ya benchi langu, katikati ya maranda.

"Bonane," akasema, "hii kitu iko inaoza chini ya kitanda, sawa vile mwenyewe anaoza. Rubani mwenye alikuwa anatumika naye aliituma toka kwao. Hajaigusa. Muulize iko ya nini. Mimi akinijibu, ni ndiyo na hapana tu."

Ndani mlikuwa na kandege kadogo, mwili wake kama urefu wa mkono wangu. Mbele kalikuwa na elisi, ile panga ya kuzunguka na kuvuta, na moteri ya batiri. Juu, mahali pa mabawa ya kawaida, kalikuwa na mti mdogo uliosimama, na kichwani mwake mabawa mawili membamba ya plastiki yanayozunguka. Kulikuwa na terekomandi pia, ile ya kushika mkononi na kukaongoza kutoka chini. Nilikabeba mpaka nyuma ya nyumba.

"Kaka Faustin, hii iko helikopta?"

Alikatazama kutoka elisi hadi mkia. Nikafikiri hatajibu.

"Hapana," akasema. "Iko otojire. Helikopta, moteri njo inazungusha mabawa ya juu. Hii, moteri inavuta tu kwa mbele. Mabawa inazungushwa na upepo wenyewe."

Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, akalipinda bawa moja kwa kidole. Lilikuwa limelegea na kujikunja kwa joto. "Lakini na hizi haitapanda. Itatetemeka, itaanguka na ubavu. Inaomba mabawa ya mbao."

Papa, hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyosikia kwake tangu nihamie. Nikamwambia mbao ziko, na mimi niko, yeye anionyeshe tu umbo.

Mabawa ya kwanza niliyachonga kwa libuyu, kwa kuwa nilitaka kitu cha kudumu. Chini yawe bapa, juu yawe na mgongo kidogo, mbele pawe nene, nyuma pawe pembamba kama ukingo wa jani. Yalikuwa mazuri kwa macho. Faustin aliyapokea, akayapima kwa kuyatikisa, akasema: "Kaka, hii ni mlango." Yalikuwa mazito mno. Niliposikia anatania nilijizuia kucheka nisije nikamrudisha ndani.

Ya pili niliyachonga kwa ule mti wa mwavuli. Yakawa mepesi mno, upepo ukiyapiga yanapinda juu kama majani ya mgomba. Hapo tukakaa wote wawili tukifikiri. Nikakumbuka jinsi ulivyonifundisha kuunga ubao laini na ukingo mgumu kwenye meza za shule. Nikachukua kipande chembamba cha libuyu nikakigandisha kwa kole mbele ya bawa, nyuma nikaacha ubao mwepesi. Faustin akafurahi. Alisema bawa linataka uzito mbele, si nyuma, bila hivyo linapepesuka. Alijua hilo kwa avioni, mimi nilijua namna ya kuunga. Bila mmoja wetu kazi isingekwenda.

Kazi ngumu ilikuwa kuyalinganisha. Ukiyafunga pamoja na kuyaegemeza katikati juu ya ukingo wa kisu, lazima yakae sawa, bila moja kushuka. Tulikwangua kwa kipande cha kioo, kidogo kidogo, mpaka yakatulia. Asubuhi tukayapima tena, moja limeshuka. Tukalikwangua hilo. Kesho yake, tena. Nilianza kuona aibu ya kazi yangu. Mama Aline njo aligundua. Alisema: "Moja munatundika karibu ya moto, ingine iko karibu ya dirisha. Si inakunywa baridi?" Kweli, hewa ya msitu ilikuwa inaingia kwenye mbao. Tukayakausha pamoja, tukayavika kitambaa chepesi cha kikwembe chake cha zamani, tukapaka vernisi mpaka maji hayapati pa kuingia. Baada ya hapo hayakubadilika.

Faustin aliweka vikaratasi vyembamba chini ya kila bawa ili mbele painame kidogo sana. Nilidhani ukingo unatakiwa kuinuka. Akasema hapana, katika otojire likiinuka sana upepo hauwezi kulizungusha. Alifanya hayo kwa mkono wa kushoto, na ule wa kuume ukishikilia. Kitambaa kilikuwa kimewekwa pembeni, juu ya kiti.

Sasa nikuambie jambo baya.

Tulikuwa na haraka kama watoto. Tukaenda kwenye kiwanja cha mupira nyuma ya shule bila kumwambia muntu yeyote. Upande wa pili wa kiwanja wanakaa watu waliokimbia kutoka kwetu, mu vibanda vya miti na maturubai ya prelati. Faustin akawasha moteri. Papa, unajua sauti ile. Ni ndogo, kama nyuki wengi, sawa na ile ya drone za vita, na watu wa Masisi wameshajua kinachofuata baada yake. Kandege hakajaondoka hata chini, tukasikia kelele, tukaona wamama wanaacha masufuria motoni na kukimbilia msituni, watoto mgongoni na mikononi. Bibi mmoja alianguka njiani, wakamwinua kwa mabega.

Faustin alizima. Alisimama pale na terekomandi mikononi.

"Nimefukuza watu wenye walishafukuzwa," akasema.

Alirudi nyumbani, akakaa nyuma, akafunika mkono. Mama Aline alinitazama tu. Siku zilizofuata tulirudia ukimya ule wa zamani, na nilifikiri ni mimi niliyewaharibia nyumba. Lakini asubuhi moja Faustin alikuja kwenye benchi langu amevaa shati la kwenda kanisani. Akasema: "Twende tuombe musamaha. Mimi peke yangu sitaweza."

Tulipita kibanda kwa kibanda. Wengine walitukaribisha, wengine walitutazama bila kujibu, na walikuwa na haki. Katika kibanda kimoja tulimkuta Mama Zawadi, muntu wa Kalembe, anamenya mihogo. Faustin akasema maneno yake. Mama Zawadi hakuinua macho.

"Papa Faustin, miye nilikimbia nikaacha mutoto mu kitanda," akasema. "Nilirudi kumubeba, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshafika ku miti. Usiku wote nilikuwa namuangalia akilala."

Faustin alichuchumaa mbele yake, akamwekea mapajani bawa moja alilokuja nalo, kwa mkono ule ule ulioumia. Mama Zawadi akaangalia bawa, akaangalia na mkono. Akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Iko kikwembe hii?"

"Ya muke wangu."

"Na inafanya nini?"

"Inazunguka na upepo. Haibebe kitu."

Akamrudishia bawa, akasema: "Siku ingine, uite watu kwanza. Waione ikiwa kimya. Mimi nitakuja."

Tukaenda kwa shefu wa kijiji, naye akatupeleka kwa komanda wa askari. Komanda alikageuza kandege chini juu.

"Iko na kamera?"

"Hapana, komanda."

"Inabeba nini?"

"Inajibeba yenyewe tu."

Alicheka kidogo, akaruhusu, akaweka na askari mmoja wa kusimama nasi. Padri akatangaza misani, na katekista akapita vibandani kurudia tangazo ili asibaki muntu asiyejua.

Siku yenyewe watu walijaa kando ya kiwanja. Wengine walikaa mbali, karibu na msitu, na hatukuwaita. Kwanza Faustin alikapitisha kandege mikononi mwa watu, kimya, kama Mama Zawadi alivyosema. Halafu akaeleza kwamba kabla ya kupanda, mabawa yanataka muntu wa kuyaanzisha kwa mkono. Aliniangalia mimi, lakini Mama Zawadi akatoka kati ya wamama, mutoto mgongoni, akainama akasukuma bawa kwa vidole. Likazunguka polepole.

Faustin akawasha. Niliona mabega ya watu yanapanda. Kandege kakakimbia juu ya majani kakielekea upepo, mabawa yakashika kasi mpaka hukuyaona tena, yakawa kama sahani ya ukungu, na kakapanda. Hakakutetemeka. Kalizunguka juu ya kiwanja, taratibu, kama ndege anayetafuta pa kutua. Terekomandi inataka vidole gumba tu, Papa. Vile anavyo vyote viwili.

Kakiwa juu kabisa, moteri ikanyamaza. Batiri ilikuwa imechoka, imebakiza nguvu kidogo tu ya kukaongoza. Mama mmoja akamfunika mutoto wake kichwa. Lakini mabawa hayakusimama. Yaliendelea kuzunguka kwa upepo wa kushuka, na kandege kakaja chini polepole, kimya, kakatua kwenye majani na kusogea kidogo tu.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Mama Zawadi njo alisema kwanza, si kwa sauti kubwa: "Zile zenye tunajua, ikinyamaza, tunalala chini. Hii imenyamaza na imeshuka vizuri." Hapo watu wakaanza kucheka na kulia pamoja, na wale wa karibu na msitu wakasogea. Mama Aline alikuwa amekaa chini kwenye majani na kikwembe usoni. Faustin hakuona, watoto walikuwa wamemzunguka.

Sitaki ufikiri kwamba kila kitu kimepona. Kuna siku bado hataki kuongea. Lakini juma lililofuata Mama Zawadi alifika kwetu na beseni la mihogo mikavu kichwani. Moulin ya wamama ya kusaga mihogo ilikuwa imekataa kuwaka tangu zamani, wanatwanga kwa mikono. Akamwomba Faustin aende akaione. Nikadhani atasema niende mimi peke yangu. Akachukua kofia yake, akatangulia. Yeye alionyesha, mimi nikafungua na kukaza pale mkono wake usipofika, na tulipomaliza moteri ikawaka. Unga wa kwanza walimpa yeye. Jioni hiyo tulikula bugali laini na sombe ya majani ya mihogo, na Mama Aline kwa mara ya kwanza alikula bila kuongea, anasikiliza tu.

Mama Zawadi anasema njia ya Walikale ikifunguka tutasafiri pamoja. Yeye atabaki Kalembe kuona kama shamba lake halijachukuliwa na wengine, mimi nitaendelea kupanda mpaka kwenu. Ameniuliza kama kuna mahali pa kupumzika njiani na mutoto. Nimemwambia nitamuuliza Papa yangu, kwa kuwa yeye anaijua njia ile kwa miguu. Kwa hiyo unijibu, tafadhali.

Umsalimu Mama, na umwambie sijakonda. Umsalimu dada Furaha anayewatunza, na shemeji yangu na ng'ombe wake. Umsalimu mjomba katekista, na yule Mama jirani anayegandisha maziwa kuwa fromaji. Na vijana uliowafundisha randa, uwaambie wasikuache ubebe.

Mungu awalinde katika nyumba ile niliyotoka.

Ni mimi mwana wako,
Bonane