Nimemweka Shangazi wa Mchumba Wangu Kwa Blogu

Mpendwa Mama Bakhita,

Naomba msaada, na naomba usinicheke. Mimi ni kijana wa hapa Mashimoni, Kibera, mchana nashona viatu, jioni naandika blogu inaitwa Maisha ya Ploti, mambo ya majirani tu, nani amemwaga maji ya kufua kwa mlango wa mwenzake, nani ameanika nguo akamaliza kamba yote, na watu wanaipenda sana kwa sababu hakuna anayejua ni mimi. Sasa nikaandika kuhusu jirani wa kuomba chumvi kila siku na hata kikombe harudishi, stori ikatoka tamu, lakini bila picha watu hawasomi, kwa hivyo nikaingia Google nikatafuta "mama mkali jikoni", nikapata mama ameshika mwiko, amekunja uso poa sana, nikamchukua, na chini nikaandika "Picha kwa hisani ya mtandao" vile kila mtu huandika, nikajua kisheria niko sawa.

Mama, yule ni Anti Mideva. Anti Mideva ni shangazi wa mchumba wangu Mitchelle, anakaa Kawangware, na nilikuwa sijawahi kumwona. Alipigwa hiyo picha akipika kwa harusi ya kanisa, na mpiga picha, anaitwa Ndungu, akaiweka kwa tovuti yake. Sasa mtaa mzima wanamwita Mama Chumvi, akiingia dukani anaulizwa kama amekuja kununua ama kuomba, na juzi wamama wa chama wamemchangia chumvi, pakiti moja moja. Mitchelle aliponilalamikia ndio nikajua, nikashtuka, nikamchorea mstari mweusi kwa macho ndio asijulikane, lakini sasa anakaa kama mtu anatafutwa na polisi na watu wanauliza hiyo chumvi aliiba wapi.

Na bado. Mitchelle ameniambia, "Babe, si wewe ndio unajua mambo ya kompyuta, Anti anataka umtafutie huyo mshenzi wa blogu." Nikasema nitajaribu. Sasa kila jioni Anti ananipigia kuuliza uchunguzi umefika wapi, ananiita mwanangu, ananiombea Mungu anifungue macho. Jumamosi napeleka wazee wangu kwao Mitchelle kujitambulisha, na kwao shangazi ndiye hukaribisha wageni ndani, akinyamaza mnarudi na shopping yenu. Nampenda Mitchelle, Mama, sitaki kumkosa kwa sababu ya picha. Niseme ni hacker? Nifute blogu? Na nyinyi watu wa magazeti picha zenu hutoa wapi?

Asiyetaka Kujulikana, Mashimoni

MAMA BAKHITA ANAJIBU

Asiyetaka Kujulikana,

Nimekucheka. Nimejizuia nikashindwa, mpaka mzee wangu Abdulmajid akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza kuna nini.

Sasa nisikilize. "Kwa hisani" huandikwa na mtu aliyepewa ruhusa. Wewe ruhusa ulipewa na nani? Ukikuta karai la jirani limeachwa nje, hulibebi halafu ukasema ni kwa hisani ya ploti. Picha ni ya Ndungu, uso ni wa Anti Mideva, na kilicho chako pale ni maneno tu.

Na huo mstari mweusi, kijana, uliuona wapi ukaupenda? Ondoa picha yote leo. Usije ukamvalisha miwani.

Picha za kutumia bure kihalali zipo, tena tele. Ingia Wikimedia Commons, au unapotafuta picha, chagua zile zenye leseni ya Creative Commons. Kisha usome leseni yenyewe, usiwe mvivu. Kuna zinazotaka umtaje mpiga picha kwa jina lake, kuna zisizotaka biashara, na kuna zisizotaka uzikate wala uzichorechore. Usipoelewa, mwandikie mwenyewe umwombe. Wengi wakiombwa vizuri hukubali. Na hata picha ikiwa ya bure kabisa, huweki uso wa mtu kwenye hadithi ya kumwaibisha.

Lakini kwani unahangaikia nini na simu unayo? Piga picha mkebe wako wa chumvi. Piga ile kamba ya nguo, piga mitungi ikingoja maji. Picha itakuwa yako, na chumvi haina shangazi.

Hacker umsahau. Ukimzua leo, Anti atakutuma umtafute mpaka uwe na wajukuu.

Anza na Mitchelle, umwambie yote, usimpunguzie. Kisha mwende pamoja Kawangware, ukae chini, useme, "Anti, yule mshenzi ni mimi." Beba sukari. Usibebe chumvi. Atafoka, na ana haki ya kufoka, wewe nyamaza. Akimaliza, mwombe akwambie anataka uandike nini kwenye blogu kumsafisha, na uandike hivyo hivyo, kwa jina lako halisi. Ndungu naye umpigie umwombe radhi. Mtu anayekuombea Mungu kila jioni anaweza kukusamehe, ila lazima alisikie neno hili kutoka kwako kwanza.

Na hapo ndipo una haraka kuliko unavyodhani. Umeniandikia Mideva, Mitchelle, mwiko, chumvi na Jumamosi, ukaficha jina lako peke yake. Gazeti hili hufika Kawangware asubuhi ile ile linapofika Kibera. Acha kusoma, vaa viatu, nenda.