Kahawa Niliyoiacha Ipoe

Karak, msimu wa kuchuma zeituni

Mjukuu wangu Nuwar, roho yangu,

Salamu zangu zikufikie huko Amman kabla baridi haijakufikia. Unakula? Baba yako anasema umekonda, lakini yeye humwona kila mtu amekonda, hata mbuzi wangu. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu ni yale yale, miti imezaa vizuri, na maziwa niliyoyakausha ya kupikia nyama ya mansafu yametoka meupe. Anayeshika kalamu ni shangazi yako Itaf. Nimemwapisha aandike ninavyosema. Akikuta neno kali, ameze mate aendelee.

Habari zako nimezipata. Ofisi ya kukagua vitabu imekizuia na kitabu chako hiki cha tatu, kama ilivyozuia cha kwanza kwa sababu ya busu na cha pili kwa sababu ya mkubwa anayekoroma kazini. Tena safari hii Abu Mutlaq, jirani yetu, amekushtaki kwa hakimu kwamba umemvunjia heshima marehemu mama yake. Wanataka uitoe sura ya bibi harusi aliyetoroka, na utie sahihi kwamba hutawaandika tena watu wa Karak. Umemwambia baba yako kwamba umechoka, utatia sahihi.

Ngoja kwanza.

Kitabu chako nakijua. Kilifika huku ndani ya gunia la dengu, na Itaf alitusomea wanawake wa mtaa huku tukichambua zeituni. Kwenye sura hiyo Umm Hazim alilia mpaka wali wake ukaungua, mumewe akala mkate mtupu. Kwa hiyo usiniambie ni sura ya kutupwa.

Ami zako walisema watakusanya wazee waende kwa Abu Mutlaq kumwomba afute mashtaka. Wakaanza kubishana nani atangulie kuingia, nani aseme. Nikachoka kuwasikiliza. Ijumaa baada ya swala nikavaa gauni langu jeusi la darizi, nikamshika Itaf mkono, tukaenda.

Mkewe alitaka kunipeleka ndani kwa wanawake. Nikaketi sebuleni, wanapoketi wanaume. Abu Mutlaq ana adabu zake, hilo simnyimi. Alinimiminia kahawa mwenyewe. Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini mbele yangu, sikunywa. Wanawe wote wakakikodolea macho. Wewe unajua maana yake: mgeni ana haja, na akiondoka hajanywa, nyumba ile itasemwa hadi kwa wajukuu. Ila anayeweka kikombe chini huwa mwanamume, nyuma yake ukoo mzima.

Akacheka kidogo, akaniambia, “Hajati, hayo ni mambo ya wanaume.”

Nikamwambia, “Wanaume niliowangoja bado wanachana ndevu.”

Basi akatoa yaliyomjaa moyoni. Alisema akipita sokoni watu wanamnong'ona, kwa kuwa bibi harusi wako ana chale za buluu kidevuni, na wazee wa mtaa huu waliochanjwa hivyo walikuwa wawili tu, mama yake na mimi. Nikamuuliza mbona basi hakuna anayeninong'ona mimi. Akanitazama kama aliyeulizwa iwapo jiwe huota ndoto.

“Wewe, Hajati? Wewe ulizaliwa umeshaolewa.”

Sasa sikiliza, Nuwar mama, na wewe Itaf andika, acha kunitazama.

Nilimwambia, “Yule bibi harusi ni mimi.”

Usiku wa kuamkia harusi yangu na babu yako nilitokea dirishani, nikalala kwenye pango la mbuzi chini ya ngome. Hapakuwa na mwanamume. Nilikuwa nimepewa mtu nisiyemjua hata sura, nikataka usiku mmoja uwe wangu. Asubuhi nikarudi kwa miguu yangu. Babu yako alijua. Aliniuliza tu kama nilisikia baridi. Wewe nilikusimulia ukiwa mdogo, nikasema ni bibi harusi fulani.

Aliyeniona nikipita gizani ni mama yake Abu Mutlaq. Nikamwambia mwanawe, “Mama yako aliona akanyamaza mpaka kaburini. Wewe hukuona kitu, na unapiga kelele.”

Aliitazama kahawa mpaka ikapoa kabisa. Kisha akakichukua kikombe changu, akaimwaga, akamimina ya moto. “Kunywa, Hajati. Ulichokijia umekipata.” Nikanywa. Jumapili, mahakama ilipofunguliwa, alikwenda kwa hakimu akafuta mashtaka.

Sasa Karak nzima inajua. Ami yako Fawwaz hajaja kunisalimu tangu siku ile, anasema nimemwaibisha. Atakuja, tini anazozipenda ziko kwangu. Ofisi ya vitabu haijasema kitu, na huenda ikakataa tena. Ikatae. Mimi nimekwisha kusema sebuleni kwa watu, mbele ya wanaume. Wewe usitie sahihi.

Ila kuna mahali umekosea. Umeandika kwamba bibi harusi alilia usiku kucha. Sikulia. Nilikula tini kavu nilizoiba jikoni kwa mama, nikalala fofofo katikati ya mbuzi wawili. Yale machozi yafute. Hayo tu ndiyo ninayokuruhusu uyafute.

Shangazi yako anakubusu. Umm Hazim anauliza utamwandika lini na yeye. Vaa soksi.

Ni mimi bibi yako, Fidda. Sahihi sina, hili hapa dole gumba langu.