Umeme Kidogo, Bugali Kidogo

Jumatatu, 2 Septemba

Kikao cha nne. Vipande viwili vya sponji vilivyolowa maji ya chumvi, kimoja kila upande wa paji la uso, mkanda wa mpira kuzunguka kichwa. Dakika ishirini. Kasereka alionekana kama mfalme aliyevishwa taji na fundi baiskeli. Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Anasema inawasha kama siafu wadogo, halafu inatulia.

Mume wangu. Mume wangu. Nimeandika mara mbili kwa sababu ni tamu. Wiki saba tangu harusi na bado nikisikia sauti yake dukani, kati ya mabati na misumari, moyo unaruka.

Daktari amerudia: mashine haiyeyushi mafuta. Ni umeme mdogo sana, wa betri. Unagusa upande wa ubongo unaosema "basi, imetosha", huenda ukasema kwa sauti zaidi. Bado wanajaribu, hatoi ahadi. Kazi kubwa iko kwenye sahani. Nusu mboga, maharagwe, na bugali ya ukubwa wa ngumi. Kasereka akaonyesha ngumi yake. Kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Hapana ya kwako, papa," daktari akasema. "Ya madame."

Alhamisi, 5 Septemba

Leo aliomba bugali ya pili. Nikakataa. Akaninunia kama mtoto hadi saa kumi, kisha akaja kunibusu shingoni mbele ya mteja. Aibu! Raha!

Sikatai kwa sababu sipendi mwili wake. Naupenda wote, kila kilo. Lakini baba yake alikuwa mnene vilevile na moyo ulisimama akiwa bado kijana, mezani, nyumbani kwao Beni. Na Kasereka, wiki ya tatu ya ndoa, alikaa chini kwenye ngazi za duka akashindwa kuinuka. Presha juu. Sukari juu.

Sitaki kuwa mjane mwenye picha nzuri za harusi. Basi.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa mama mmoja wa kwaya alimshika Kasereka mkono, akaupima kwa vidole kama anayenunua kuku. "Eeh, bwana arusi, unaisha!" Wote wakaniangalia mimi.

Huku Butembo mume akioa lazima apate mwili. Mwili wake ndio bulletin ya mke, ripoti yake ya shule. Mimi wamenipa sifuri. Najua wanachonong'ona: mvivu, mchoyo, au kibaya zaidi. Wanong'one. Nilivaa viatu virefu na nikamshika mkono mpaka nyumbani.

Jumanne, 10 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Beni bila kutuambia. Unga wa muhogo, kidumu cha mafuta ya mawese, ndizi. Alipoona mkanda wa suruali ya mwanawe umefungwa kwenye tundu jipya, alikaa chini bila kuvua kitambaa cha kichwa.

Kasereka akamweleza kuhusu mashine. Kosa lake: hakusema umeme mdogo, alisema courant.

"Banamutia courant mu kichwa? Kwani mutoto yangu ni ampuli ya taa?"

"Mama, ni kidogo tu, ya pile, kama ya radio."

"Courant ni ya bazimu! Uko muzimu, Kasereka? Juu ya nini hamukuniambia?"

Hapo nikaelewa. Anadhani tunatibu wazimu. Nikamweleza polepole, kwa heshima. Akanisikiliza huku anaangalia ukuta. Kisha nikaleta chakula: sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, ngumi ya bugali. Nikaweka mbele ya mume wangu.

Mama akasema, "Onja kwanza."

Si kwa mwanawe. Kwangu.

Kila mtu wa huku anajua neno hilo lina nini ndani. Mwenye nyumba akipenda huonja mwenyewe, kwa adabu. Lakini kumwambia mtu "onja" ni kumwambia "umetia sumu". Ndani ya nyumba yangu. Nikaonja. Kasereka alikula tu bila kunitetea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 11 Septemba

Ameondoka na basi la kwanza. Kikao cha kumi na moja.

Nina hasira. Bado nina hasira.

Ijumaa, 13 Septemba

Simu kutoka kwa Mbusa, baba mdogo wa Kasereka. Tufike Beni kesho, familia imekaa. Imekaa, maana yake imeshaamua.

Nikamuuliza daktari, kwa tahadhari. Vikao saba vimebaki. Akikosa wiki nzima anatolewa, na mwisho wa mwezi mashine inaenda mji mwingine. Hakuna kurudia.

Jumamosi, 14 Septemba. Beni

Watu kumi na mmoja sebuleni. Baba mdogo alisema taratibu, kama anasoma barua. Mtoto wao anakonda. Hakuna aliyetaja sumu. Walisema "vitu tusivyovijua". Kwa hiyo Kasereka abaki Beni mwezi mmoja, ale kwa mama yake. Mimi nirudi Butembo kuangalia duka.

Kasereka aliangalia viatu vyake. Nilimpenda na nikataka kumpiga, vyote pamoja.

Kisha chakula. Mama alileta sahani kwa mikono yake. Mlima wa bugali, mbuzi, mawese yakielea juu. Akaiweka mbele ya mwanawe. Naye, mume wangu mtamu, akanyoosha mkono.

Nikasimama.

"Mama, onja kwanza."

Shangazi mmoja akaita Yesu na Maria. Baba mdogo akainuka nusu. "We binti! Unaongea na nani vile?"

"Naongea na mama yangu. Hii sahani ndiyo papa ya Kasereka alikulaka mpaka moyo ikasimama. Kama haiui, aonje."

 

Mama akanawa mikono. Akakata tonge, akachovya, akala. Akameza kwa shida. Machozi yakashuka. "Ni mutamu," akasema. Hiyo tu.

Hapo Kasereka akanishika mkono. Mbele ya wakubwa wote! Akakunja vidole vyangu, akaweka ngumi yangu kando ya mlima ule, akapima, akakata. Akala kipande hicho na nyama vipande viwili. Sahani iliyobaki akaisukuma katikati ya meza.

"Hii ni ya batu yote," akasema. "Siku ya kwanza, Jumatatu, niko na rendez-vous ku munganga ya mashine. Sitabaki."

Mume wangu!!

Jumapili, 15 Septemba

Tumerudi. Vumbi. Hakuna aliyetusindikiza hadi kwenye gari.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 24 Septemba

Kikao cha ishirini, cha mwisho. Muuguzi alivua mkanda, chumvi ikabaki nyeupe kwenye paji lake. Nikaipangusa kwa kitenge changu.

Mizani imeshuka, si kama nilivyoota. Presha imeshuka kidogo. Nikauliza ni mashine au ni sahani. Daktari akasema hajui, kwa mtu mmoja hawezi kujua. Turudi baada ya miezi mitatu. Umeme umeisha, kula kunaendelea.

Mama huzungumza na Kasereka kwa simu. Mimi haniulizii. Siombi msamaha kwa nilichosema. Kwa uso wake alipokuwa anameza, labda nitaomba. Si leo.

Tulipanda kilima kwa miguu. Alisimama mara mbili. Nilisimama naye.

Sasa ni saa kumi na moja, jua liko kwenye mabati. Yuko jikoni, anataka kunipikia lengalenga, mchicha wetu, yeye mwenyewe. Anakata vitunguu vibaya, vipande vikubwa mno. Namtazama kutoka mlangoni.