Sahihi ya Kamanda Brodersen

Kituo cha nyambizi, pwani ya Ufaransa
3 Mei 1942

Dada yangu Wiebke,

Pokea salamu za mtu aliyeoga maji ya moto mara tatu leo na bado ananuka dizeli. Mimi mzima, nimekonda kidogo, ndevu zimenifika kifuani. Wewe je? Kifua kimepona? Na wanafunzi wako bado wanakutungia majina?

Tumerudi jana baada ya siku arobaini na saba baharini. Tumezamisha meli nne, dada! Bendi imenipigia tarumbeta gatini, na nishani nikavishwa kabla sijapata hata nafasi ya kukojoa.

Sasa msikie Ocke, jirani yetu wa mlango wa pili. Adui alitumwagia mabomu mpaka pampu zikafa na maji yakatufika magotini. Ocke akalala kifudifudi chini ya injini kwa saa sita, akizitukana kwa lugha ya kisiwani kwetu mpaka zikaona haya zikawaka. Mwambie mama Ocke kwamba fundi mkuu wa nyambizi yangu hana mfano. Bila mwanawe tungekuwa chakula cha samaki.

Ndugu yako,
Harro


Wyk, kisiwa cha Föhr
24 Mei 1942

Kwako Bwana Kamanda mwenye ndevu,

Sijambo, kifua kimetulia, na jina langu jipya shuleni ni Bata Bukini. Nimelizoea.

Barua yako nimemsomea mama Ocke jikoni kwake, mara mbili. Alilia, akacheka, akanifungia samaki mzima wa kukaushwa kwa moshi kana kwamba mimi ndiye niliyetengeneza hizo pampu. Akasema, "Maadamu Harro yuko naye, mimi sina wasiwasi."

Nina swali moja, na usinikasirikie. Hizo meli nne zilikuwa na watu. Walikwenda wapi?

Dada yako,
Wiebke


11 Machi 1944

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Ocke amefariki juzi. Si baharini. Mahakama ya jeshi ilimhukumu kwa maneno aliyoyasema mezani, akapigwa risasi. Mama yake ataletewa barua ya serikali. Muwahi kabla posta haijafika.

Nina watu arobaini na saba wa kuwarudisha nyumbani, na kesho kutwa tunaondoka. Usiniulize zaidi.

Ndugu yako,
Harro


Wyk, 19 Machi 1944

Harro,

Afya yako siiulizi, umeshanijibu.

Posta ilinitangulia. Nilimkuta mama Ocke amekaa sakafuni, viazi vinaungua jikoni. Akanipa karatasi nimsomee, miwani yake haikuonekana. Imeandikwa: "kwa ushahidi uliothibitishwa na kamanda wake." Nilipofika hapo nikayaruka hayo maneno.

Kamanda wake ni nani kama si wewe? Nijibu hilo tu.

Wiebke


Hamburg, 2 Septemba 1947

Dada yangu,

Shikamoo ya mtu aliyetoka kifungoni. Waingereza wameniachilia tangu Juni. Mgongo unauma, kwa sababu sasa mimi ni mwashi: tunaokota matofali ya nyumba zilizobomolewa, tunayabandua saruji, tunayajenga upya. Kazi naiweza. Ukuta wangu haupindi.

Najua hukuniandikia kambini, na sikulaumu. Ulitaka jibu, nami wakati ule barua zilikuwa zinafunguliwa. Sasa hazifunguliwi, kwa hiyo sina pa kujificha.

Tulikuwa mezani, redio ikitangaza ushindi. Ocke akasema, "Kama redio imeshashinda vita, sisi tunangoja nini? Twendeni nyumbani." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Msaidizi wangu, Eggert Lühmann, hakucheka. Aliandika taarifa, akaongeza kwamba Ocke aliwachochea mabaharia wakatae amri. Akaniletea nithibitishe.

Ulikuwa uongo, na nilijua. Nikatia sahihi. Nilijiambia watamfunga mwezi mmoja. Tena niliogopa: ningekataa, taarifa ya pili ingekuwa na jina langu.

Mei 1945 niliikabidhi nyambizi kwa Waingereza, watu wangu wote hai. Hilo najivunia mpaka leo. Lakini hesabu ile ina mtu mmoja pungufu, na aliyempunguza ni mimi.

Na lile swali lako la zamani, la watu wa zile meli nne: walikuwa majini, wameshikilia mbao. Niliwaona kwa darubini, tukaenda zetu.

Ukitaka kuniandikia, anwani iko nyuma ya bahasha.

Ndugu yako,
Harro


Hamburg, 10 Desemba 1955

Dada,

Hujambo? Miaka minane hunijibu, nami kila Krismasi nakutumia kadi kama mwehu. Mwaka huu nina habari kubwa kuliko kadi.

Jeshi jipya la majini limeniita! Nchi inaunda nyambizi upya, na wanataka mtu wa kuwafundisha maofisa vijana. Cheo kitapanda, nyumba itakuwa ufukweni. Nimekuwa msimamizi wa waashi hapa, watu wananiheshimu, lakini dada, mimi si mtu wa matofali. Kazi hiyo hakuna anayeijua kama mimi, na wao wanajua hivyo.

Nifurahie hata kidogo.

Harro


Wyk, 9 Januari 1956

Harro,

Mimi sijambo. Nimezeeka, nywele nyeupe, bado nafundisha.

Nimekaa kimya kwa sababu nikichukua kalamu namwona Ocke. Leo ninayo sababu ya kuandika.

Kanisani kuna jiwe la majina ya waliokufa vitani. La Ocke halimo. Wazee wa kanisa wanasema, "Aliyehukumiwa hawezi kuandikwa pamoja na mashujaa." Kila Jumapili mama Ocke analipita lile jiwe akiangalia pembeni. Ana miaka sabini na sita.

Nimepata wakili. Anasema hukumu inaweza kufutwa iwapo shahidi ataapa kwamba taarifa ilikuwa ya uongo. Lühmann alihamishiwa nyambizi nyingine, akazama nayo mwaka wa mwisho wa vita. Umebaki wewe. Anasema pia kwamba ukiapa, jeshi jipya halitakuchukua. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha.

Dada yako,
Wiebke


Hamburg, 21 Machi 1956

Dada yangu,

Natumaini baridi haijakutesa. Mimi nina nguvu, na nimetoka mahakamani saa mbili zilizopita.

Chumba kilijaa. Wenzangu wa zamani walikaa nyuma, mikono wameikunja vifuani. Nikaeleza yote: kicheko chetu, taarifa, uongo, sahihi. Jaji akavua miwani.

"Bwana Brodersen, unaelewa kwamba unajishtaki mwenyewe?"

"Naelewa, mheshimiwa. Zaidi kuliko nilivyoelewa siku ile nilipotia sahihi."

Hukumu imefutwa, dada. Imefutwa kabisa.

Nje, Karsten aliyekuwa mpishi wetu akanitemea mate kiatuni. "Msaliti! Umetuvua nguo mbele ya watu!"

"Karsten," nikamwambia, "zile saa sita chini ya injini alilala nani? Wewe unapumua leo kwa sababu ya nani?"

Akageuza njia.

Jeshi nalo halikungoja mpaka leo. Waliposikia nimekubali kuapa, wakaniletea barua ya mistari mitatu: hawatanihitaji. Nilidhani ingeniuma zaidi. Nimekula sahani mbili za kabichi na soseji, na Jumatatu tunaanza ukuta wa shule. Nitaujenga mimi mwenyewe.

Ndugu yako,
Harro


Wyk, 2 Aprili 1956

Mdogo wangu,

Nimemsomea mama Ocke ushahidi wako, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka bakuli likajaa, ndipo akasema, "Kumbe alikuwa Harro. Nami nilikuwa nikimwombea kila usiku."

Akanawa mikono.

"Simsamehe," akasema. "Leo simsamehe, na kesho sijui. Lakini Jumamosi tarehe kumi na nne jina la mwanangu linachongwa, na sitaki lichongwe bila mtu aliyefanya naye kazi. Mwambie aje mchana, apite barabara kuu, watu wote wamwone. Asininyatie mlango wa nyuma. Na hizo nishani aziache hukohuko."

Ni hayo tu. Mimi naomba uje.

Dada yako,
Wiebke


Hamburg, 9 Aprili 1956

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, na barua yako nimeisoma nimesimama.

Nakuja na kivuko cha saa nne asubuhi. Usinipokee gatini, barabara kuu nataka kuitembea peke yangu. Mwambie mama Ocke nitabisha mlango wa mbele. Asipofungua, nitasimama hapo mpaka kivuko cha jioni, na Jumamosi itakayofuata nitabisha tena.

Ndugu yako,
Harro