Mstari Niliosahau Kuufuta

Chumba namba 9, ghorofa ya pili,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Baba Mdogo bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Mimi mwili ni mzima, ila roho haiko mahali pake. Tangu Jumatano silali, natembea chumbani usiku kucha hadi fundi saa wa chumba cha pili ameniuliza kama nimeanza kunywa.

Barua hii itachukua siku kumi kukufikia. Nimezihesabu makusudi.

Unaikumbuka ile programu ninayoandika na wenzangu bila malipo, ambayo msimbo wake, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma? Ndiyo hiyo mnayotumia hapo kituoni. Vituo vyenu vitatu vinajumlisha wagonjwa wa ule ugonjwa unaofichwa, mjue dawa za kuagiza na pa kuzipeleka, na hakuna kinachoona hesabu ya mwenzake. Kila namba inakatwa vipande vitatu kwa namba za kubahatisha. Kila kompyuta inapata kipande kimoja, ambacho peke yake hakisemi kitu.

Namba hizo za kubahatisha lazima ziwe mpya kila mara. Nilipokuwa najaribu sehemu yangu, niliandika mstari mmoja wa kuzifanya ziwe zilezile, ili nikirudia nipate jibu lilelile. Nilipaswa kuufuta nikimaliza. Sikuufuta, Mama Mdogo. Kiongozi wetu, tunayemwita Bwana Nukta kwa kuwa humrudishia mtu kazi kwa nukta moja tu, naye hakuuona. Mstari huo una miezi miwili humo.

Niliuona Jumatano hii. Maana yake, mwenye kipande kimoja na akili kidogo anaweza kuvikokotoa viwili vilivyobaki na kuisoma namba nzima. Na kituo kimojawapo ni zahanati ya kiwanda. Hesabu za wafanyakazi wake mnaziingiza kila chumba cha kazi peke yake, na kile wanachoshonea vifungo kina wanawake wanne tu. Meneja akiona moja hapo, atashindwa kumtafuta?

Nilimwandikia Bwana Nukta papo hapo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema turekebishe kimyakimya, tutangaze Jumatano ijayo, na kabla ya hapo asijue mtu, maana neno likitoka tu watakuwepo wa kuchungulia kabla hatujaziba. Nikakubali. Vituo vinavyoitumia ni vingi, na kusema kweli yuko sahihi.

Tangazo mtakuwa mmelisoma. Halitasema kosa ni la nani, wala halitataja Alhamisi.

Alhamisi ulinipigia simu. Ulisema mmoja wa wale wanne, baada ya wewe kumbembeleza mwaka mzima, amekubali kupimwa na amekutwa na ugonjwa. Kesho yake mngeingiza hesabu.

"Una hakika hawawezi kumwona, mwanangu?" uliniuliza. "Nimemwapia kwa jina lako."

Ningeweza kusema mngoje wiki moja, kompyuta zinasumbua. Uongo mdogo ungetosha. Niliogopa ungeuliza kwa nini, na ukiniuliza mimi hupayuka yote.

"Hawawezi, Mama Mdogo," nikasema. "Endeleeni."

Ijumaa mkaingiza. Marekebisho yatalinda namba zijazo, lakini vipande vya Ijumaa viko tayari kwenye kompyuta ya kiwanda, na hakuna wa kwenda kuvichukua. Labda hakuna atakayevigusa. Hatutajua. Kila simu yangu ikilia nadhani ni wewe, unaniambia amefukuzwa kazi.

Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujanijibu mimi, nenda kwake. Mwambie nilijua, na nilinyamaza.

Nisalimie sana Baba Mdogo, na dada fundi cherehani na mapacha wake.

Mungu amsitiri yule mama, maana mimi sikumsitiri.

Nikupendaye,
mwanao.