Mama Anaonja Kwanza

Kinyangiri,
Mkalama, Singida.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Elisha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kazi za bandarini huko Mtwara zinaendaje, na ile homa ya Januari imekwisha? Nakuuliza kwa sababu tumelelewa kumjulia mtu hali kwanza. Sisi huku si wazima.

Tangu Alhamisi nimekupigia mara tisa. Ukiona jina la Marietha, unakata. Haya, barua huwezi kuikata. Nitampa kondakta wa basi mkononi, na utaisoma mpaka mwisho.

Mkeo Loyce yu hai. Nimetanguliza hilo usije ukaanguka kwa presha kabla sijamaliza kukugombeza. Ametoka hospitali jana baada ya dripu nne. Daktari wa mjini alimpiga picha, akaona pete imefungwa juu ya mfuko wa chakula, akanigeukia mimi wifi mtu: hii aliwekewa wapi? Pale mapokezi nilikuwa nimejieleza kwa kujiamini kabisa kwamba mgonjwa wangu alipasuliwa vidonda vya tumbo. Si ndivyo ulivyotuambia? Loyce akaangua kilio, ndipo akasema kweli. Alifungwa pete hiyo ya kubana tumbo ili ale kidogo, Dar es Salaam wiki tatu zilizopita, kwa sababu ya uzito na sukari, na wewe ukamwapisha asimwambie mtu.

Aibu ya nini, Elisha? Eti mvua zimekata, watu wanakula mlo mmoja, watasema umemfunga mkeo tumbo asile. Wangesema siku mbili wakachoka. Sasa tazama wanachosema.

Loyce alipofika huku Jumapili iliyopita, ulimpigia Mama mwenyewe ukamwambia, mpe maziwa mengi, vidonda vinapenda maziwa. Mama akatii kama kawaida yake kwako. Kila asubuhi alimpelekea Loyce kibuyu cha maziwa mgando, kimejaa pomoni, akasimama akingoja. Na wewe unajua kwetu mkwe harudishi kibuyu kina kitu ndani. Loyce alipiga magoti akakigida chote, kifua kikambana, akakimbilia nyuma ya zizi kutapika. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Mama alipoona anadhoofika akaongeza kibuyu cha jioni, akidhani vidonda vimechachamaa. Jumatano Loyce alianguka uani, midomo imemkauka kama ya mtu aliyevuka nyika bila maji. Maziwa yote yale, na mwili hauna maji!

Karatasi ya daktari wake wa Dar es Salaam, Loyce alikuwa ameificha ndani ya Biblia. Nimeisoma, nawe uisome, maana nadhani hukuwahi kuisoma. Wakati huu ni vyakula vya majimaji tu. Anywe funda moja dogo, atue, ndipo anywe jingine. Lita moja na nusu ya maji aimalize polepole kutwa nzima, asiache mpaka kiu imshike. Soda hapana, wala chochote chenye gesi. Mrija hapana, unaingiza hewa. Akija kuruhusiwa chakula, asinywe huku anakula, asubiri nusu saa au zaidi. Akitapika kila anachokunywa, hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kutapika kunaweza kuisogeza pete. Daktari wa mjini alisema haijasogea, Mungu mkubwa. Karatasi moja tu! Ungeisoma kwenye simu, Mama angemnywesha kwa kikombe kidogo kama vile vya ushirika kanisani, na leo nisingekuwa nakuandikia kwa hasira.

Sasa hasira yenyewe ni hii. Jirani yetu Martha alimwona Loyce akitapika siku zote tatu, kila mara baada ya kutoka mikononi mwa Mama. Akaenda kisimani akasema mama mkwe kamtilia kitu mkwewe. Kufika jioni kijiji kizima kina habari. Elisha, wanamwita Mama mchawi! Mama huyu aliyetulea peke yake! Watoto wanakatisha shambani ili wasipite mlangoni kwake.

Nimemwambia Mama ukweli, hakuniamini. Loyce naye amemwambia, hakuamini. Anasema tunamfariji tu, kwamba Elisha wake hajawahi kumdanganya. Baba mdogo Zefania nimemwonyesha mpaka picha, akanijibu kwamba mume mwenye mke alimpigia akasema vidonda, na picha ya pete yeye haijui. Ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi, Mama akaketishwe katikati aulizwe alitia nini.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulivyo na bahati, anayeumbuliwa ni Mama. Sikuombi. Nakuambia. Kabla ya Jumamosi mpigie baba mdogo, simu iwekwe sauti ya juu, useme mbele ya watu: nilidanganya. Loyce ameridhia isemwe. Sauti ya mtu mwingine haitoshi, nimeshajaribu.

Mume wangu Hosea anakusalimu. Loyce anakusalimu pia, ameanza kunywa uji mwepesi wa ulezi uliochujwa, kwa kijiko cha chai. Mama ndiye anayeupika. Asubuhi hii nimemwona akitoka nao jikoni, akasimama uani, Martha akichungulia kutoka uani kwake. Mama akachota kijiko, akanywa yeye kwanza, akafungua mdomo kuonyesha amemeza. Ndipo akamsogezea mkwewe. Miaka sabini na moja, Elisha.

Mungu akulinde, akupe na ulimi wa kusema kweli. Mama amesikia naandika, akaniomba nikutumie maneno yake. Nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwanangu, nisamehe kwa kumuumiza mkeo. Sijui nilikosea wapi."

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimekukasirikia,
Marietha